Mlango wa Nyuma wa Chumba cha Habari: mwongozo kamili wa kuripoti madai ya mastaa na chuki dhidi ya Wayahudi

Oktoba 2022 nilikuwa mhariri wa zamu ya jioni kwenye dawati la Kiswahili la kituo kimoja cha redio hapa Kampala. Ebola ilikuwa imezuka Mubende mwezi uliotangulia, na kila takwimu ya Wizara ya Afya tuliihakiki mara mbili kabla msomaji hajafungua mdomo. Taarifa ya saa moja usiku ilitoka safi. Nikakusanya karatasi zangu, nikamwachia studio kijana wa burudani, nikashuka barabarani kununua rolex, ile chapati yetu ya kukunjia mayai.

Nikiwa bado nasubiri chapati yangu, nikamsikia kwenye redio ya muuzaji. Alikuwa anasoma posti za Kanye West, ambaye siku hizi anajiita Ye, juu ya Wayahudi. Alizifasiri papo kwa papo, akafungua kwa maneno "Kanye awalipua Wayahudi", akamalizia kwa kicheko na wimbo. Hakuna mtu mwingine aliyezipitia. Ilikuwa burudani.

Nilipanda ngazi nikakuta simu inalia. Alikuwa mama mmoja kutoka Mbale, sauti ya mtu mzima asiye na haraka. "Mwanangu," akasema, "sisi huku Nabugoye ni Wayahudi, na redio yenu tunaisikiliza. Kesho asubuhi watoto wetu wanaenda shule na hao wote waliosikia." Nikamwomba radhi. Hakutaka kijana afukuzwe kazi. Aliuliza jambo moja tu: nani aliyasoma yale maneno kabla hayajasomwa hewani? Sikuwa na jibu.

Mwongozo huu nauandika kwa sababu ya swali lake. Ni kwa ajili ya wahariri, watangazaji, ma-DJ wanaosoma habari kati ya nyimbo, na vijana wanaoendesha chaneli za YouTube na TikTok wakiwa peke yao chumbani. Vyumba vyetu vya habari vina askari kwenye mlango wa mbele, ule wa siasa. Kauli ya waziri huulizwa, hupigiwa simu, hutafutiwa mpinzani wa kuijibu. Mlango wa nyuma, ule wa burudani, uko wazi usiku kucha.

Hatua ya 1: Ihamishe dawati kabla hujaiandika

Anzeni na kanuni moja iliyoandikwa na kubandikwa studio: msanii, mchezaji au sosholaiti yeyote akigusa serikali, kura, kabila au dini, habari yake inatoka burudani na kwenda kwa mhariri wa habari. Haijalishi ni saa ngapi. Kama mhariri amelala, habari inalala naye mpaka asubuhi.

Kwa Uganda kanuni hii ni ya lazima, kwa kuwa mpaka kati ya jukwaa la muziki na jukwaa la siasa haupo. Robert Kyagulanyi, Bobi Wine, aliingia bungeni 2017 kwa kiti cha Kyadondo Mashariki, na 2021 aligombea urais. Mwaka huohuo wa 2021 Jose Chameleone aligombea umeya mkuu wa Kampala. Wasanii wengine huimba kwenye kampeni za chama tawala. Ukimwachia DJ habari zao kwa sababu ni "wanamuziki", umemwachia nusu ya siasa za nchi.

Na mastaa wa nje tunao karibu kuliko tunavyodhani. Oktoba 2018 huyohuyo Ye alikuja Uganda, akakutana na Rais Museveni Ikulu ya Entebbe na kumkabidhi raba. Picha zile zilizunguka dunia nzima. Miaka minne baadaye, alipoanza kuandika mambo ya Wayahudi, wengi wetu tulimpokea kama jamaa aliyewahi kututembelea. Naamini ndiyo maana kijana wetu alicheka.

Hatua ya 2: Amua kama kuna habari, na iko wapi

Maneno ya mtu maarufu si habari kwa sababu tu yeye ni maarufu. Jiulize: kuna kitu kimetokea, au kuna mtu amesema tu? Katika kisa cha Ye mambo yalitokea kweli. Tarehe 22 Oktoba 2022 watu walitundika bango juu ya barabara kuu ya Los Angeles likisema yuko sahihi kuhusu Wayahudi, huku wakiinua mikono kwa salamu ya Kinazi. Tarehe 25 Oktoba kampuni ya Adidas ilivunja mkataba naye. Desemba 2022, kwenye mahojiano, alimsifu Hitler waziwazi. Bango na mkataba ni matukio yenye tarehe, mahali na mashahidi. Hayo yanaripotika, tena bila kumkabidhi yeye maikrofoni.

Lakini kama ni sosholaiti wa mtaani mwenye wafuasi wachache, aliyeropoka usiku ili apate wengine, mwache. Ukimripoti unamfanyia kazi aliyoikusudia.

Kuna wakati kunyamaza nako ni kosa, na hapa sikubaliani na wahariri wenzangu wanaosema "tusiwape nafasi" kila mara. Kama klipu imeshafika kwa watu wa bodaboda, kama mwanafunzi wa Wandegeya anayo kwenye simu na mzee wa Arua ameshatumiwa na mpwa wake, basi wasikilizaji wako wameshausikia uongo bila jibu. Hapo wajibu wako ni kuleta jibu. Kipimo changu: niwaulize watu watatu nje ya ofisi. Wawili wakiwa wameshaiona, tunaandika.

Hatua ya 3: Tafuta maneno yenyewe, yote, katika lugha aliyoyasema

Usiandike kutokana na picha ya skrini. Picha ya skrini hutengenezwa kwa dakika tano na mtoto wa shule. Nenda kwenye akaunti yenyewe. Kama posti imefutwa, tafuta nakala kwenye Wayback Machine, tovuti inayohifadhi kurasa za zamani za mtandao, au chombo cha habari kilichoiona ikiwa hai na kikaandika hivyo. Ya kwako ihifadhi siku hiyohiyo, pamoja na anwani, saa na tarehe, maana kesho inaweza isiwepo.

Kama ni video, itazame kuanzia dakika moja kabla ya klipu inayovuma hadi dakika moja baadaye. Picha itafute kinyumenyume kwa Google Lens au TinEye uone ilianza kuonekana lini. Mara nyingi utakuta ni ya mwaka mwingine au nchi nyingine.

Halafu kuna tafsiri, ambayo kwetu ndiyo shimo lenyewe. Kauli inasemwa kwa Kiingereza, blogu inaiweka kwa Luganda, nasi tunaichukua kutoka hapo kuileta kwenye Kiswahili. Kila ikivuka mto inapoteza nguo. Maneno kama "nadhani" na "nimesikia" huanguka njiani, na kinachofika ng'ambo ni kauli ya uhakika. Ye aliandika kitisho dhidi ya Wayahudi, akicheza na lugha ya tahadhari ya kijeshi. Kijana wetu alipokigeuza kuwa "awalipua", kitisho kikawa ushujaa. Fasiri kutoka kwenye chanzo, na mwenzako mmoja asome tafsiri huku chanzo kikiwa mbele yake.

Hatua ya 4: Ichane kauli vipandevipande

Kauli moja ya staa hubeba vitu vitatu vilivyoshikana: dai la ukweli, maoni, na tusi. Chukua kalamu uvitenganishe. Maoni ni haki yake. Dai linahakikiwa. Tusi linatajwa kuwa ni tusi na halirudiwi.

Tuseme, kwa mfano tu, msanii anapanda jukwaani siku mbili baada ya uchaguzi na kusema kura za wilaya fulani zilijazwa usiku. Usikimbilie kuchapa, wala usikimbilie kumwita mwongo. Muulize: kituo gani? Saa ngapi? Nani aliona? Uganda kila kituo cha kupigia kura hutoa fomu ya kutangaza matokeo, ile inayojulikana kama fomu ya DR, inayotiwa saini na msimamizi wa kituo pamoja na mawakala wa wagombea. Mtu akitaja kituo, fomu yake inaweza kutafutwa kwa mawakala na kulinganishwa na kilichotangazwa. Asipotaja kituo, hapo ndipo habari yako ilipo: "Hakutaja kituo, saa wala shahidi, na alipoulizwa hakujibu." Sentensi hiyo ina uzito kuliko "amedai" ishirini.

Nasisitiza jambo moja hapa kwa sababu nimeliona likiharibiwa kwa makusudi: kukanusha kwa serikali si uhakiki. Msemaji akisema "huo ni uongo", una kauli mbili zisizo na ushahidi badala ya moja. Tafuta karatasi, wakala wa upande mwingine, mwangalizi aliyekuwa pale. PesaCheck wanahakiki madai ya Afrika Mashariki, Uganda ikiwemo. African Centre for Media Excellence, hapa Kampala, wamefundisha waandishi wengi kazi hii. Wapigie, usione haya.

Jiandae pia kwa siku intaneti inapozimwa. Jioni ya 13 Januari 2021, usiku wa kuamkia uchaguzi, ilizimwa nchi nzima, na redio ikabaki peke yake na uvumi wa simu. Nambari za mawakala, waangalizi, maafisa wa wilaya na waandishi wa mikoani ziwe kwenye daftari la karatasi. Simu yenye nambari zote kwenye akaunti ya mtandaoni haikusaidii siku hiyo.

Hatua ya 5: Ijue chuki hii kwa sura kabla haijafika mezani

Hatua hii huwezi kuifanya dakika kumi kabla ya taarifa. Chuki dhidi ya Wayahudi ina maneno machache ya kale yanayorudi kila kizazi yakiwa yamebadilisha shati: wanatawala dunia kwa siri, wanashika benki na vyombo vya habari, wanasukuma vita, Maangamizi yao mikononi mwa Hitler ni hadithi ya kubuni. Mhariri akiyajua haya, akisikia staa "amegundua" jambo, atatambua limetoka wapi.

Maarufu kuliko yote ni lile andiko la Protokali za Wazee wa Sayuni. Lilichapishwa Urusi 1903 likijifanya kumbukumbu za mkutano wa siri. Mwaka 1921 gazeti la The Times la London lilionyesha, kwa kulinganisha vifungu, kwamba sehemu yake kubwa ilinakiliwa kutoka kitabu cha Kifaransa cha 1864 ambacho hakikuwahusu Wayahudi hata kidogo. Hata hivyo Henry Ford, tajiri wa magari na mmoja wa watu waliojulikana sana Marekani enzi zile, alilieneza kwa miaka kupitia gazeti alilolimiliki. Aliomba radhi 1927. Kufikia hapo makala zake zilikuwa zimeshakusanywa vitabuni na kufika Ujerumani. Staa mwenye jukwaa kubwa na dai lisilo na ushahidi si jambo la kizazi hiki.

Sisi Waganda hatuna haja ya kwenda Ujerumani kutafuta mfano. Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kuwafukuza Waasia, akawapa siku 90. Walishutumiwa kwamba wameshika uchumi, wananyonya, hawachangamani, uaminifu wao uko kwingine. Yeye aliita vita vya uchumi. Makumi ya maelfu ya watu walifungasha. Septemba ya mwaka huohuo, katikati ya siku hizo 90, alimpelekea Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Kurt Waldheim, simu ya maandishi akisifu alichowafanyia Hitler Wayahudi milioni sita. Weka shutuma dhidi ya Waasia na zile dhidi ya Wayahudi kando kwa kando: jina la watu limebadilika, maneno ni yaleyale. Ninapofundisha vijana, naanza hapa, kwa kuwa kila mmoja ana bibi au babu anayekumbuka duka fulani lililofungwa mtaani kwao.

Kisha nawaambia kuhusu Mbale. Abayudaya ni jina la Kiganda lenye maana ya Wayahudi, basi. Jumuiya yao ilianzishwa na Semei Kakungulu mnamo 1919. Amin alipiga marufuku ibada yao, na waliobaki wakasali kwa siri hadi alipoanguka 1979. Mwaka 2016 rabi wao, Gershom Sizomu, alichaguliwa kuwa mbunge wa Bungokho Kaskazini, kwa kura ambazo nyingi zilikuwa za Wakristo na Waislamu. Mwaka 2004 wakulima wa kahawa wa dini zote tatu katika eneo hilo walianzisha ushirika uitwao Mirembe Kawomera, amani tamu. Mtangazaji akijua haya, neno "Wayahudi" linaacha kuwa jina la watu wa mbali wasiosikia Kiswahili.

Sasa kuhusu Israeli, mahali ambapo wengi hujikwaa. Israeli ni nchi. Mwisraeli ni raia wake, naye anaweza kuwa Mwarabu, Mwislamu au Mkristo. Myahudi ni mtu wa dini au ukoo huo, awe anaishi Tel Aviv, New York au Mbale. Mzayuni ni mfuasi wa itikadi ya kisiasa ya taifa la Wayahudi, na si kila Myahudi ni Mzayuni wala kila Mzayuni ni Myahudi. "Wana wa Israeli" wa Biblia ni jambo jingine tena. Maneno haya tunayachanganya kila siku, na msikilizaji aliyetoka kanisani asubuhi anayachanganya zaidi jioni.

Staa akisema serikali ya Israeli imevunja sheria ya vita Gaza, hiyo ni kauli juu ya serikali na matendo yake. Iripoti, ihakiki, itafutie majibu kama ungefanya kwa serikali yoyote. Fasili mbili zinazotumika sana za chuki hii, ile ya IHRA (Muungano wa Kimataifa wa Kumbukumbu ya Maangamizi) ya 2016 na Azimio la Jerusalem la 2021, zinatofautiana kwa mengi, lakini zote zinakubali kwamba kuikosoa Israeli kama inavyokosolewa nchi nyingine si chuki kwa Wayahudi. Usimbandike mtu jina hilo kwa sababu amelia juu ya watoto wa Gaza. Swali la kuuliza ni hili: anasema nani alifanya nini, lini? Au anasema watu fulani wako hivyo kwa asili yao? La kwanza ni siasa. La pili ni chuki, na kipimo ni hichohicho likielekezwa kwa Wapalestina, Waislamu au kabila lolote la hapa.

Hatua ya 6: Chunga vitenzi

Kiswahili cha burudani kina vitenzi vyake: afunguka, afichua, atoboa siri, avunja ukimya, amwaga mtama. Kwa habari ya ndoa ya mtu havina madhara makubwa. Lakini vitazame kimoja kimoja. Huwezi kufichua kisichokuwepo. Siri haitoboki kama si siri ya kweli. Anayevunja ukimya alikuwa na jambo alilolijua akalifungia moyoni. Kila kitenzi hapo kimeshamwamini msemaji kabla ya msikilizaji kuambiwa kilichosemwa. "Staa afichua wanaotawala dunia" ni kichwa cha habari kinachothibitisha uzushi kwa neno moja.

"Inadaiwa" nayo haifai, maana inamficha mdai. "Eti" inaonyesha shaka, ila ni lugha ya kijiweni na inageuza habari kuwa dhihaka. "Amedai" ni afadhali, lakini imechoka. Watu hawaisikii tena. Mimi natumia mbili: "amedai bila kutoa ushahidi" kwa mambo ya siasa yasiyothibitika, na "amerudia" kwa chuki hii ya kale. "Amerudia uzushi wa zamani dhidi ya Wayahudi." Kitenzi hicho kinamvua staa sifa ya ugunduzi.

Angalia pia wingi. Kiswahili kikisema "Wayahudi" hakituambii kama ni wote au wachache. Staa akigombana na meneja wake ambaye ni Myahudi, andika "meneja wake". Dini ya meneja haina kazi katika ugomvi wa mkataba, na ukiiweka kwenye kichwa cha habari umeshamsaidia staa kuwageuza watu milioni kadhaa kuwa meneja mmoja.

Na kwa sisi wa redio: alama za mtajo hazisikiki. Gazetini msomaji anaziona na anajua maneno ni ya nani. Hewani yanatoka kinywani mwa mtangazaji wako, kwa sauti wanayoiamini. Mtaje msemaji kabla ya kauli na umtaje tena baada yake. Ikiwezekana usinukuu kabisa. Eleza kwa maneno yako amesema nini na kwa nini si kweli.

Hatua ya 7: Panga habari ukweli ukiwa mbele

Utafiti wa kisaikolojia wa 1977 ulionyesha kwamba watu wakisikia kauli mara kwa mara huanza kuiona kuwa ya kweli, hata kama ni ya uongo, na tafiti zilizofuata zimelipata hilo tena na tena. Kwa hiyo uongo usiwe kichwa cha habari wala sentensi ya kwanza. Anza na kilicho kweli, taja dai kwa ufupi, rudi kwenye ukweli. Hivi ndivyo ningetaka jioni ile isomwe:

"Kampuni ya Adidas imevunja mkataba wake na mwanamuziki wa Marekani Ye kutokana na matamshi yake ya chuki dhidi ya Wayahudi. Mwezi huu Ye aliandika mtandaoni kitisho dhidi ya Wayahudi na kurudia uzushi wa zamani kuwahusu, ambao ulithibitishwa kuwa wa kughushi karne moja iliyopita. Nchini Uganda jumuiya ya Wayahudi, Abayudaya, imeishi Mbale tangu 1919."

Sentensi tatu, hata dakika moja haifiki, na hakuna anayecheka.

Msiweke mizani pale pasipo na mizani. "Staa asema Maangamizi hayakutokea, wanahistoria wapinga" ni kichwa kinachotengeneza mjadala usiokuwepo. Mauaji ya Wayahudi milioni sita yameandikwa katika nyaraka za Wanazi wenyewe na katika ushahidi wa mahakama ya Nuremberg ya 1945 na 1946. Madai ya kura ni tofauti. Huko ukweli unaweza kuwa bado haujajulikana, na ni lazima useme hivyo.

Hatua ya 8: Studio ikiwa hai

Hapa ndipo kazi yote ya juu inapoweza kuvunjika kwa sekunde kumi. Mgeni ni staa, mtangazaji anampenda, simu zinalia. Kabla ya kipindi, mhariri na mtangazaji wakae dakika tano waandike mambo matatu ambayo mgeni huwa anayasema, na jibu la kila moja. Kama kituo kina kifaa cha kuchelewesha matangazo kwa sekunde chache, kitumike, na awepo mtu mwenye kidole juu ya kitufe. Mara nyingi kifaa kipo na mtu hayupo.

Mtangazaji awe na sentensi zake tayari, maana chini ya taa kichwa hukauka. Kwa mgeni: "Kaka, hapo nakukatiza kwa heshima. Hilo ulilosema juu ya Wayahudi ni uzushi, na kituo hiki hakiwezi kulipitisha. Tuendelee na albamu yako." Kwa anayepiga simu akidai kura: "Asante mzee. Ni kituo gani? Uliona mwenyewe?" Asipojibu, mshukuru, waambie wasikilizaji hakujibu, pokea simu nyingine. Usimtukane. Msikilizaji aliyetukanwa hutafuta redio itakayomsikiliza.

Sijawahi kusahau kwamba RTLM, redio ya Rwanda iliyochochea mauaji ya kimbari ya 1994, ilipoanza 1993 vijana waliipendea muziki na utani wake. Chuki iliingia kati ya nyimbo. Muongo mmoja baadaye, Desemba 2003, mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani waanzilishi wake wawili, Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza.

Hatua ya 9: Waulize wanaosemwa

Piga simu Mbale kabla ya kurusha habari. Usiwaite ili walie hewani, waulize kama unavyomuuliza mtu yeyote aliyetajwa: mmesikia, mnasemaje, limewagusa vipi? Na usiwaombe waitetee serikali ya Israeli. Wao ni raia wa Uganda, na kuwatwisha matendo ya nchi nyingine ni kosa lilelile lililokufanya upige simu. Wakikataa kuongea, heshimu.

Hatua ya 10: Sheria, kwa ufupi

Sheria ya Magazeti na Waandishi wa Habari ya 1995, katika kanuni zake za maadili, inakataza kusambaza habari au tuhuma bila kuthibitisha ukweli wake. Sheria ya Mawasiliano ya 2013 inataka matangazo yasichochee ubaguzi wa kikabila na taarifa zisipotoshe ukweli. Zisome zote mbili, kurasa si nyingi.

Lakini sheria za nchi hii zimetumika pia kufunga midomo. CBS, redio ya ufalme wa Buganda, ilizimwa Septemba 2009 ikakaa kimya zaidi ya mwaka, na mijadala ya wazi ya ebimeeza ikapigwa marufuku. Mahakama ya Juu ililifuta kosa la kuchapisha habari za uongo mwaka 2004, kesi iliyoletwa na Charles Onyango-Obbo na Andrew Mwenda, na ilifanya vyema. Mimi nataka tuhakiki kwa sababu ya yule mama, si kwa kuogopa barua ya Tume ya Mawasiliano. Chumba cha habari kinachohakiki kwa woga humwachia staa wa serikali aseme lolote na kumbana yule wa upinzani peke yake.

Hatua ya 11: Sahihisha mahali palepale

Masahihisho yasomwe kwenye kipindi kilekile, saa ileile, na mtu yuleyule aliyekosea. Kuyaweka alfajiri kwenye taarifa ya Kiingereza ni kuyazika. Klipu iondolewe kila ilipowekwa, na mahali pake yabaki maelezo ya kwa nini imeondolewa, ili mtu asiseme tumetishwa. Usirudie maneno mabaya wakati wa kuyasahihisha.

Kesho yake saa mbili usiku kijana wetu alisoma haya, tukiwa tumeyaandika pamoja mchana kutwa:

"Jana katika kipindi hiki nilisoma posti za Ye kuhusu Wayahudi, nikazichekea. Zilikuwa kitisho na uzushi wa zamani, na sikupaswa kuzisoma hivyo. Miongoni mwenu mnaotusikiliza wamo Wayahudi wa Mbale. Nawaomba radhi. Tangu leo habari za aina hii zitasomwa kwanza na mhariri."

Hakuweka wimbo mara moja. Aliacha sekunde chache za kimya, jambo ambalo redio yetu hairuhusu, nami sikumkemea. Nambari ya yule mama, kwa ruhusa yake, iko ukurasa wa kwanza wa daftari la zamu, juu ya nambari za polisi na umeme.